Ubunifu wa tovuti: Ukijua rangi tu, nusu ya hela inaenda kwa mwingine

Isongole, Rungwe. Ukishuka kwenye basi hapa, kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Tukuyu, unapokelewa na baridi, kisha magunia ya viazi mviringo. Ni eneo hilihili ambako watalii huanzia safari ya kupanda kwenda Ziwa Ngozi, ziwa lililojaa ndani ya kasoko ya volkano.

Sasa chukua mfano huu. Waongoza watalii wanamwomba kijana wa hapa awatengenezee tovuti. Jamaa anajua kuchora, anajua rangi, mabango ya harusi ya mtaa mzima ameyatengeneza yeye. Baada ya siku mbili anatuma kazi kwenye grupu la WhatsApp. Kila mtu anapiga makofi.

Kisha mmoja anauliza, “Tunaifunguaje?”

Haifunguki. Alichotuma ni picha ya tovuti, si tovuti. Inabidi atafutwe mtu Mbeya mjini aijenge, na malipo yagawanywe.

Hapo ndipo wengi wanaoingia kwenye fani hii wanakwama. Wanadhani kuna kazi mbili: kuna wasanii na kuna mafundi wa kompyuta. Kwenye tovuti, mpaka huo haujawahi kuwa mnene sana.

Rangi nayo huandikwa

Wavuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti kilichoko Uswisi, ili wanasayansi wabadilishane nyaraka. Urembo haukuwa hoja. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie akapendekeza CSS, lugha ya kupanga mwonekano, na mwaka 1996 ikawa kiwango rasmi.

Maana yake ni kwamba rangi, ukubwa wa herufi na nafasi kati ya maneno vyote huandikwa kwa msimbo. (Vijana wanaita “kodi”, na hapa si ile ya TRA.) HTML ni kuta na vyumba, CSS ni rangi na mpangilio, JavaScript ni milango inayofunguka ukigusa. Anayechora bila kujua hizi mbili za kwanza anachora nyumba ambayo hajui kama itasimama.

Rudi kwenye ile ya Ngozi. Mchoraji ameweka picha kumi za ziwa, kila moja MB 4 kama ilivyotoka kwenye simu. Hizo ni MB 40 za bando la mgeni kabla hajaona bei. Akizipunguza vipimo na kuzihifadhi kwa muundo mwepesi kama WebP, kila moja inaweza kushuka hadi KB 150 hivi. Kumi zote zinakuwa MB 1.5, na kwenye skrini ya simu ni vigumu kuona tofauti. Kujua ni picha ipi ikatwe na ipi iachwe ikiwa kubwa ni kazi ya jicho. Kuipunguza ni ufundi. Lakini uamuzi ni mmoja.

Tatizo la pili ni ukungu. Picha za milima ya huku zina weupe mwingi, na yeye kaandika maneno meupe juu yake. Viwango vya kimataifa vya tovuti vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kwa macho tu unaweza kudhani yanasomeka, hasa ukiwa chumbani. Toka nje juani ushike simu, utaelewa.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Violezo vingi vya bure vimepimwa kwa Kiingereza, chenye maneno mafupi ya vitufe. Ukiandika “Weka nafasi ya safari” kitufe kinapasuka, maneno yanashuka mstari wa pili. Asiyejua CSS anafupisha ujumbe hadi unapoteza maana. Anayejua anatanua kitufe. Na kwenye HTML anaandika lang="sw", ili programu zinazowasomea wasioona zijue kuwa huo ni Kiswahili.

Fundi asiye na jicho

Upande wa pili nao una maumivu yake, na pengine ndio unaosemwa kidogo zaidi. Fundi anajenga tovuti isiyo na kosa hata moja la msimbo, lakini namba ya simu iko chini kabisa, bei imefichwa kurasa tatu ndani, na hakuna anayejua aguse wapi. Mteja wa Kitanzania mara nyingi anataka kupiga simu au kutuma WhatsApp. Kitufe hicho kikikosekana juu, hata ufundi uwe safi kiasi gani, biashara haipigiwi.

Pia, fomu inayokusanya majina na namba za watu inagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usiombe taarifa usizozihitaji. Huo ni uamuzi wa mbunifu pia.

Kuanza hakudai ada kubwa. MDN na freeCodeCamp hufundisha bure mtandaoni, na Mbeya kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST, kwa anayetaka cheti. Simu itakusaidia kusoma, ila kujenga kwa raha kunataka kompyuta, hata ya mtumba. Kama tayari unachora, anza na HTML na CSS, JavaScript isubiri. Kama tayari ni fundi, chukua tovuti mbovu unayoijua uipange upya kwenye karatasi kwanza.

Ukimaliza, usiijaribu kwenye simu yako mpya. Azima simu ya bei rahisi, nenda nayo stendi, mpe mama muuza viazi na umwambie atafute bei ya kwenda Ngozi. Usimwelekeze. Hesabu sekunde.