Giga 100 kutoka Komanda: rezo ao pikipiki?
Komanda ni pale RN4 inakutana na RN27 ya Bunia. Mizigo inapita, data ndiyo inakwama. Giga 100, kwa rezo ya megabiti 2 kwa sekunde, inaomba siku 4 na nusu hivi, usiku na mchana. Nani hapa iko na umeme wa siku 4 bila kukatika?

Kwa hiyo uache scp: rezo ikikatika, faili kubwa inaanza tena kwa zero, na mega zako zimekwisha kuliwa. Afadhali rsync, programu ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, huko Australia, mwaka 1996. Andika:

rsync -avP data/ jina@seva:/data/

Ile P inalinda kipande kilichokwisha kufika. Rudilia amri ileile, itaendelea. (Angalia kale kamstari kanakofuata data: ukikasahau, folda inaingia ndani ya folda ingine.) Kisha sha256sum pande zote mbili, namba zifanane.

Giga 500? Hapo ni zaidi ya siku 20. Mimi ningepakia disiki kwa pikipiki mpaka Bunia, kilomita 75 hivi. Siku barabara ikifungwa, basi, ni rsync tena.