Kilomita za Mwalimu na Jina la Malipo

Wengi wetu hudhani kwamba kodi hufuata fedha. Aghalabu hufuata jina ambalo fedha hizo zimepewa.

Tuchukue mfano wa mhadhiri anayezuru shule za Gachoka, Kiritiri na Makima kwa gari lake mwenyewe, akiwakagua wanafunzi wake walio katika mazoezi ya kufundisha. Mwajiri akimpa shilingi 20,000 kwa mkupuo na kuziita "marupurupu ya gari", hizo ni mapato. Iwapo mshahara wake umefikia kiwango cha asilimia 30, shilingi 6,000 zitakatwa kabla hajanunua petroli. Lakini akilipwa kwa kila kilomita aliyoiendesha kikazi, kwa viwango vya Chama cha Magari cha Kenya (AA), malipo hayo huwa ni marejesho ya gharama, na Mamlaka ya Ushuru (KRA) haiyatozi kodi. Barabara ni ile ile na vumbi ni lile lile. Kilichobadilika ni istilahi, pamoja na ushahidi.

Hali ya mwalimu wa shule ni ngumu zaidi. Marupurupu ya usafiri anayolipwa na TSC kila mwezi huunganishwa na mshahara na kutozwa kodi. Akitumwa mashindanoni au mkutanoni kwa gari lake asirejeshewe chochote, hana pa kukimbilia: ritani anayoijaza kabla ya Juni 30 hutambua pensheni, bima na riba ya mkopo wa nyumba, ila kilomita hazina mstari. Nchini Uingereza, mwajiriwa wa namna hiyo huruhusiwa kudai nafuu ya kodi. Kiwango kilichowekwa mwaka 2011 kilikuwa peni 45 kwa kila maili katika maili 10,000 za kwanza za mwaka.

Si kwamba Bunge letu halifahamu lugha ya kilomita. Wabunge wenyewe hurejeshewa gharama kwa kilomita wanapozuru maeneo yao, na mbunge wa Mbeere Kusini, eneo lililoitwa Gachoka hadi uchaguzi wa 2013, ni miongoni mwao. Aidha, Sheria ya Fedha ya 2025 ilipandisha posho ya siku ya safari ya kikazi isiyotozwa kodi kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000. Basi kuongeza mstari mmoja katika ritani ya mwajiriwa hakuwezi kuwa muhali.

Hadi mstari huo upatikane, mwalimu na ashike kalamu. Aandike tarehe, alikotoka, alikokwenda, shughuli yenyewe na kilomita zilizosomwa kwenye gari. Kisha amwombe mwajiri amlipe kwa orodha hiyo, wala si kwa mkupuo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na petroli ya mwalimu ni mali.