Claude Makélélé: mtoto wa Kinshasa, kutoka uwanjani hadi benchi

Mwezi Machi 2018, klabu ndogo ya Eupen, mashariki mwa Ubelgiji, ilikuwa ukingoni mwa kushuka daraja. Katika mechi ya mwisho dhidi ya Mouscron, kocha Claude Makélélé alimwingiza Mjapani Yuta Toyokawa kipindi cha pili. Toyokawa alifunga mabao matatu, Eupen ikashinda 4-0 na kubaki ligi kuu. Mechelen, waliokuwa na pointi sawa nao, walishuka kwa tofauti ya bao moja tu.

Makélélé alizaliwa Kinshasa tarehe 18 Februari 1973, mtoto wa mchezaji kabumbu, na akakulia Ufaransa. Akiwa na Nantes alitwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1995. Alipitia Marseille na Celta Vigo kabla ya kuingia Real Madrid mwaka 2000, akashinda ligi mara mbili na Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2002.

Kazi yake ilikuwa kukaba, kupokonya mpira na kuwapa wengine. Alichezea Ufaransa mechi 71 bila kufunga bao hata moja, na alikuwemo katika fainali ya Kombe la Dunia 2006.

Mwaka 2003 aliomba nyongeza ya mshahara. Madrid, waliokuwa wamemnunua David Beckham, walikataa na kumwacha aende Chelsea. Hawakutwaa tena ligi hadi 2007. Chelsea, kwa upande wao, walikuwa mabingwa mwaka 2005 wakiruhusu mabao 15 tu katika mechi 38, kisha wakarudia mwaka 2006. Tangu hapo nafasi ya kiungo mkabaji inaitwa kwa jina lake.

Ukocha haukumpokea kwa mikono miwili. Baada ya kumsaidia Carlo Ancelotti huko Paris Saint-Germain, alikabidhiwa Bastia mwezi Mei 2014, akafutwa kazi Novemba mwaka huo huo. Mwaka 2016 Monaco ilimfanya mkurugenzi wa kiufundi, na mwaka uliofuata akawa kocha msaidizi wa Swansea, iliyonusurika kushuka daraja.

Baada ya Eupen alirudi Chelsea mwaka 2019 kuwalea wachezaji vijana. Hata huko, kazi ilikuwa ile ile ya zamani: kuwaandalia wengine njia ya kung'ara.