KUMLISHA MTOTO MCHANGA ALIYE DHAIFU

Kunyonya ni kazi. Jambo hili husahauliwa upesi, kwa kuwa mtoto mwenye afya akizaliwa hulishika titi bila ya kufundishwa. Lakini katika kunyonya mna mambo matatu yapasayo kufuatana kwa utaratibu: kuvuta maziwa, kuyameza, na kuvuta pumzi. Utaratibu huo hukamilika karibu na juma la 34 la mimba. Basi mtoto aliyezaliwa katika juma la 30, ambaye watu humwita njiti, si mvivu wala si mkaidi. Siku zake hazijatimia.

Wako na wengine wenye taabu ya namna hii. Mwenye maradhi ya moyo huchoka, hutoka jasho, akasinzia kabla ya kushiba. Aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka hawezi kuvuta vema, na maziwa humtokea puani. Aliyedhurika ubongo, ulimi na shingo yake havimtii.

Katika mji wa Eldoret watoto wa namna hii hutunzwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo ilianza kama hospitali ndogo mwaka wa 1917. Katika uwanja wake ilifunguliwa Hospitali ya Riley ya Mama na Mtoto mwaka wa 2009, na Hospitali ya Watoto ya Shoe4Africa mwaka wa 2015.

Kosa kubwa ni kumlazimisha. Sehemu nyingi za Afrika watu wamezoea kummiminia mtoto chakula kinywani, pengine hata kumziba pua ili ameze. Nia yao ni njema, lakini hatari ni kubwa. Maziwa yakiingia katika njia ya pumzi huleta maradhi ya mapafu, ambayo huweza kumwua. Tena mtoto aliyetishwa hivyo hukichukia chakula, akalia aonapo kikombe tu.

Njia iliyo bora ni ya polepole. Kwanza, mtoto asiyeweza kumeza hupitishiwa mpira mwembamba puani hadi tumboni, akapewa maziwa ya mama yake. Mpira huo si dalili ya kukata tamaa. Ni daraja la kumvusha. Mama naye ayakamue maziwa yake mara 8 au zaidi usiku na mchana, yasije yakakauka. Yale ya kwanza ya rangi ya manjano yasimwagwe, maana yana kinga nyingi.

Pili, mtoto afungwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Njia hii ilianzishwa mjini Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka wa 1978. Humpa mtoto joto, na kumzoeza harufu ya titi. Maziwa yakiwa yanapita mpirani, aachwe alirambe titi lililokwisha kukamuliwa, apate kujua kwamba kunyonya na kushiba ni mambo ya pamoja.

Tatu, akipata nguvu, huweza kujaribiwa kwa kikombe kidogo kilicho safi. Apakatwe akiwa wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, naye ayarambe maziwa kwa ulimi wake. Asimiminiwe. Mwenye kaakaa lililopasuka pia hulishwa akiwa wima, na mwenye maradhi ya moyo hupewa kidogo kidogo mara nyingi.

Mtoto hana maneno, lakini husema. Akitanua vidole, akikunja uso, akigeuza kichwa au akikohoa, maana yake ni kwamba amechoka: mlishaji asimame, ampumzishe. Midomo ikiwa ya buluu, au pumzi zikienda mbio, au akikataa kula kabisa, apelekwe hospitali mara moja. Wala mpira usiondolewe nyumbani kwa shauri la jirani. Mwenye kuamua ni daktari, baada ya kuona uzito wa mtoto.

Akina baba na akina nyanya wana sehemu yao. Mama anayekamua maziwa usiku kucha hawezi kuteka maji na kupika pia. Asilaumiwe kwamba mwanawe hanenepi, bali asaidiwe kazi. Mtoto aliyeanza kwa matone machache kikombeni, akilishwa kwa saburi, ana matumaini mengi ya kuketi siku moja pamoja na ndugu zake na kula kwa furaha.