Mboga moja, mapishi mbalimbali

Kila nyumba ina mkono wake wa kupika. Ukikaribishwa mahali huko Iringa utakuta majani ya maboga yameungwa kwa karanga, mazito. Nyumba ya pili wameyakaanga kwa mafuta ya alizeti, kitunguu na nyanya. Nyumba ya tatu wamechemsha kwa maji na chumvi tu, na mwenyeji anakuambia hiyo ndiyo mboga, mengine ni mbwembwe. Ukifika Mbeya, mabishano ni hayo hayo. Katika darasa letu moja la watu wazima tulibishana juu ya mnafu mpaka kipindi kikaisha. Kina baba ndio waliosema sana, ingawa wanaoshika mwiko nyumbani ni wachache!

Ulimi wa kila mtu ni wake. Sisi hatuji kuamua nani anapika vitamu. Lakini yapo mambo ambayo ulimi hauyajui, na wanaoumia ni watoto. Mikoa yetu ina mahindi, viazi, maharage na mboga tele. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kwa umri wao. Sababu ni nyingi: maradhi, kulishwa mara chache, mama kuzidiwa na kazi. Mboga peke yake haiwezi kumaliza tatizo hilo. Lakini chungu cha mboga tunacho mikononi mwetu leo.

Tuangalie magadi. Ni kweli magadi hulainisha mboga upesi, huokoa kuni, na majani hubaki ya kijani kibichi. Jicho linafurahi, kumbe vitamini C na baadhi ya vitamini B zimekwisha haribika. Ukitaka majani laini, chuma machanga, menya zile nyuzi, kisha pika kwa muda mfupi. Osha kwanza ndipo ukate. Ukikata kwanza, vitamini zinakwenda na maji.

Na mnafu je? Wasiopenda uchungu humwaga maji ya kwanza, na vitamini humwagika humo humo. Afadhali uutie karanga au maziwa, uchungu utapungua. Ila kisamvu ni jambo jingine kabisa. Kisamvu kina sumu, hivyo ni lazima kitwangwe vizuri na kuchemshwa sana, chungu kikiwa wazi. Hapo mtu asifanye haraka.

Kuhusu kuunga, sisi tuko upande wa wenye karanga. Majani ya kijani yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kumkinga mtoto na maradhi. Mwili haukipokei vizuri pasipo mafuta. Karanga kidogo zilizotwangwa, au kijiko cha mafuta, vinatosha. Na yule ndugu yetu wa maji na chumvi? Aendelee na ladha yake, ila ale na kipande cha parachichi, kwani lina mafuta. Rungwe na Njombe yanazaa sana.

Inabaki chumvi. Wazee wanakumbuka jinsi rovu lilivyowasumbua watu wa milimani kwetu. Mvua za miaka mingi zimesomba madini joto kutoka katika udongo, na mazao yake hayana ya kutosha. Mwenye mimba akiyakosa, mtoto anaweza kuzaliwa na akili nzito. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 chumvi ya dukani hutiwa madini joto. Lakini wengi wetu tunaiacha wazi karibu na jiko, au tunaitia chunguni tangu maji ya kwanza. Madini hayo hupotea kwa unyevu na moto. Iweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Mboga ikikaribia kuiva, tia chumvi, koroga, onja, epua.