Maili za ndege kwa kumsikiliza muuzaji: nani hasa analipa?

KATIKA soko la Marekani ipo bidhaa moja isiyokaa ghalani, haipimwi kwa kilo wala kwa debe, lakini ina wauzaji wa jumla, wauzaji wa rejareja, wakusanyaji na hata mfumuko wake wa bei. Bidhaa hiyo ni maili za ndege, yaani pointi ambazo shirika la ndege humwandikia msafiri katika hesabu yake ili baadaye azibadilishe kwa tiketi.

Njia za kuzipata ni nyingi. Ipo moja ambayo huwashangaza watu wanapoisikia kwa mara ya kwanza, kwani mhusika hapandi ndege wala hanunui kitu. Anachotakiwa ni kwenda mahali, kukaa kwenye kiti, kumsikiliza muuzaji kwa saa moja au moja na nusu, kisha kurudi nyumbani kwake. Wiki kadhaa baadaye maili zinaingia. Zahanati za kupandikiza nywele zimewahi kutoa maili kwa mwanamume anayekwenda kupimwa upara wake na kupewa ushauri wa bure. Kampuni zinazouza haki ya kukaa katika nyumba za likizo zimekuwa zikitoa pointi kwa mume na mke wanaokubali kutembezwa kwenye vyumba na kuelezwa bei.

Msomaji aliyezoea biashara atauliza swali la kwanza: anayetoa anapata nini?

MAILI HUUZWA KWA JUMLA

American Airlines ilianzisha mpango wake wa wasafiri wa mara kwa mara Mei 1, 1981, na United ikafuata siku chache baadaye. Lengo lilikuwa kumfunga mteja. Baada ya serikali ya Marekani kulegeza udhibiti wa nauli na njia mwaka 1978, ushindani ulikuwa umepanda na mashirika yalihitaji sababu ya kumfanya msafiri asihamie kwa jirani. Hapo mwanzo maili zilipatikana kwa kusafiri tu, pamoja na hoteli na magari ya kukodi.

Mwaka 1987 ikaja kadi ya mkopo ya Citibank iliyotoa maili za American kwa kila dola iliyotumiwa, na biashara ikageuka. Shirika la ndege likagundua kwamba linaweza kuchapa maili na kuziuzia benki, hoteli, wauza maua, na yeyote mwingine anayetaka kumvuta mteja. Bei ya jumla ni siri ya mkataba, ila kwa kawaida hukadiriwa kati ya senti 1 na senti 2 za Marekani kwa maili. Anayenunua rejareja moja kwa moja kutoka Delta, kwa mfano, huuziwa maili 1,000 kwa dola 35, ambayo ni senti 3.5 kila moja. Serikali nayo haikulala. Tangu Oktoba 1997 mauzo ya maili kwa washirika hutozwa kodi ya asilimia 7.5, sawa na tiketi.

Anayedhani huu ni mchezo wa watoto na atazame mwaka 2020, ndege zilipokuwa zimeegeshwa kwa sababu ya Uviko. United iliweka mpango wake wa maili kuwa dhamana na kukopa dola bilioni 6.8. Delta ikapata dola bilioni 9 kwa njia hiyo hiyo, na mwaka uliofuata American ikapata bilioni 10. Ndege zilikuwa chini, lakini kitabu cha maili bado kilikuwa mali.

HESABU YA MUUZAJI

Sasa turudi kwa mwenye zahanati ya nywele. Tatizo lake kubwa ni kumpata mtu wa kumfanyia kazi. Upandikizaji hugharimu maelfu ya dola na hakuna bima inayolipia. Akitangaza kwenye televisheni, tangazo linaonwa na kina mama, vijana wa shule na wazee wasio na fedha. Lakini shirika la ndege lina orodha ya watu wanaosafiri mara kwa mara kikazi, wengi wao wanaume wa umri wa kati wenye kipato kizuri na wenye kuvaa suti mbele ya wateja. Hao ndio hasa wanaojitazama kwenye kioo kila asubuhi. Kwa kununua maili, zahanati inanunua njia ya kuwafikia, na inalipa pale tu mtu anapofika mlangoni. Tangazo la televisheni hulipiwa hata asipotokea mtu.

Kasoro ni kwamba maili huwavuta pia wakusanyaji wa maili. Mtu mwenye nywele tele hadi kwenye paji la uso anaweza kuingia, akajieleza kuwa ana wasiwasi na siku zijazo, akachukua maili zake na kuondoka. Ndiyo maana masharti huwa marefu kuliko tangazo lenyewe: mteja mpya tu, mara moja katika maisha, awe wa jinsia na umri unaotakiwa, na mshauri aridhike kwamba anafaa kwa huduma.

Upande wa nyumba za likizo hesabu ni kubwa zaidi. Anayenunua hapati nyumba. Anapata haki ya kukaa wiki moja kila mwaka, au pointi za kulipia siku za kukaa. Bei ya haki hiyo Marekani kwa wastani huzidi dola 20,000, na juu yake kuna ada ya matunzo ya kila mwaka, ambayo sasa kwa wengi imepita dola 1,000.

Tuchukue mfano wa makadirio tu. Kampuni inawaalika mume na mke 100 kwa maili 5,000 kila jozi. Kwa senti 1.5 kwa maili, kila jozi inaigharimu dola 75, na wote pamoja dola 7,500. Wakinunua jozi 10 tu kwa dola 22,000 kila moja, mauzo ni dola 220,000. Gharama ya maili haifiki hata asilimia 4. Ongeza kahawa, chakula cha asubuhi, kamisheni ya muuzaji na ya meneja wake, pamoja na vijana wanaowavizia wageni kwenye kumbi za hoteli. Katika kampuni hizi gharama za kutafuta na kumshawishi mteja hukaribia nusu ya bei anayolipa.

Angalia mfano huo tena. Jozi 90 zimekwenda nyumbani na maili zao bila kununua, na maili hizo zimelipiwa na zile 10 zilizosaini. Kila jozi iliyosaini imebeba dola 750 za maili za kundi zima, na haikuambiwa. Kwenye soko la mitumba hali ni mbaya zaidi, kwani haki za namna hii zimeonekana zikitangazwa kwa dola moja na bado zikakosa mnunuzi, kwa kuwa anayezichukua anarithi ada ya kila mwaka.

HESABU YA MSIKILIZAJI

Kwa upande wa aliyekuja kusikiliza, maili akizitumia vizuri humpa kati ya senti 1 na senti 1.5. Tuseme senti 1.2. Maili 5,000 ni dola 60. Kikao kilichotangazwa ni dakika 90, lakini ukiweka kwenda, kurudi, kujaza fomu na kumsubiri meneja aje kutoa "bei ya mwisho", saa 3 zimekwisha. Hiyo ni dola 20 kwa saa. Na kwa kuwa masharti hutaka mume na mke wafike pamoja, ni dola 10 kwa saa kwa kila mmoja. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009. Kwa hiyo ni kibarua, tena cha ujira mdogo, chenye hatari ya kutoka nacho deni.

Hatari hiyo si ya mzaha. Mwendo wa vikao hivi unajulikana. Bei ya kwanza hutajwa kubwa. Mgeni akitikisa kichwa, huja mtu wa pili na punguzo, kisha wa tatu na kifurushi kidogo, na kila mmoja husisitiza kwamba bei ni ya leo tu. Mkopo upo hapo hapo mezani, kwa riba ambayo mara nyingi huzidi asilimia 10 kwa mwaka. Wapo wanaoingia wakiapa kwamba hawasaini na wanatoka wamesaini.

Sheria imeweka mlango wa kutokea, ila ni mwembamba. Florida, ambako biashara hii imeshamiri, humpa mnunuzi siku 10 za kubatilisha. Uingereza ilipitisha sheria yake ya siku 14 mwaka 1992, baada ya malalamiko ya muda mrefu kutoka kwa watalii waliokuwa wakivutwa mitaani huko Hispania, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 nayo inatoa siku 14. Kubatilisha kufanywe kwa maandishi na kwa namna mkataba unavyotaka. Simu haitoshi. Na kusubiri maili ziingie kwanza, ambako mara nyingi huchukua wiki 6 hadi 8, ni kuacha muda wote wa sheria upite.

Lipo pia suala la kodi. Idara ya mapato ya Marekani ilitangaza mwaka 2002 kwamba haitafuatilia maili zinazotokana na safari za kikazi. Hilo halikuhusu maili za zawadi. Mwaka 2014 Mahakama ya Kodi ya huko iliamua kwamba tiketi ya dola 668 iliyopatikana kwa pointi za benki, zilizotolewa kwa kufungua akaunti, ilikuwa pato la kutozwa kodi. Zawadi ya kukubali kuketi mbele ya muuzaji inaonekana kukaa karibu zaidi na kesi hiyo kuliko na safari ya kikazi.

WALIOPIGA HESABU VIZURI

Haina maana kwamba hakuna aliyefaidi. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California aliona tangazo la maili kwa lebo za chakula cha makopo na pakiti, akatafuta bidhaa ya bei ya chini kuliko zote, akanunua vikopo 12,150 vya pudini kwa dola 3,140 na kupata zaidi ya maili milioni moja na robo. Pudini akaigawa kwa shirika la misaada, ambalo watu wake walimsaidia kubandua lebo. Wengine walinunua sarafu za dola moja kutoka kiwanda cha sarafu cha serikali kwa kadi ya mkopo, wakaletewa nyumbani bila gharama ya usafirishaji, kisha wakazipeleka benki zikiwa bado kwenye maboksi kulipia kadi ile ile. Maili zikabaki. Kiwanda kilifunga mlango huo wa kadi Julai 2011.

Vikao vya ushauri havikuwahi kuwa na upana wa namna hiyo, maana mtu hawezi kupimwa upara mara mia. Faida yake ya kweli kwa wajuaji ni nyingine. Maili za American hufa mtu asipoongeza wala kutumia kwa miezi 24, na hata maili chache kutoka kwa mshirika huanza kuhesabu upya muda huo. Kwa mwenye maili 60,000 zinazokaribia kufa, saa moja ya kusikiliza habari za nywele inaweza kuwa na thamani kubwa.

KWA NDUGU ZETU WALIOKO HUKO

Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Amerika Kaskazini suala hili lina uzito kwa sababu ya tiketi ya nyumbani. Maili za United hutumika kwenye Ethiopian, mwanachama wa Star Alliance tangu Desemba 2011. Za Delta hutumika kwenye Kenya Airways, iliyoingia SkyTeam kikamilifu mwaka 2010. Za American hutumika kwenye Qatar Airways, iliyojiunga na oneworld mwaka 2013, na inayofika Dar es Salaam, Zanzibar na Kilimanjaro. Kodi na ada za viwanja hulipwa kwa fedha taslimu hata tiketi ikiwa ya maili.

Anayezikusanya ili azitumie baada ya miaka mitano ajue anaweka akiba kwa sarafu ambayo mchapaji wake ndiye anayepanga thamani. Delta iliondoa jedwali lake la bei za tiketi za maili mwaka 2015, United mwaka 2019 na American mwaka 2023. Sasa kiasi kinachotakiwa hupanda na kushuka bila taarifa, na mara nyingi hupanda. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2014, katika kesi dhidi ya Northwest, iliamua kwamba msafiri aliyefutiwa uanachama wake hawezi kudai kwa hoja ya kutotendewa kwa nia njema kama inavyotambuliwa na sheria za majimbo, kwa kuwa sheria ile ya mwaka 1978 inaizuia. Septemba 2024 wizara ya uchukuzi ya huko iliyataka mashirika manne makubwa, yaani American, Delta, Southwest na United, kueleza jinsi yanavyopanga na kubadili thamani ya maili.