Nuru inayobadilika yafichua jinsi nyota kubwa zinavyokua

WAKAZI wa Isinya, Kaunti ya Kajiado, wanapotazama juu usiku wa Januari usio na mawingu, huona kundinyota la Jabari likipita karibu na utosi. Kusini mwa nyota zake tatu zilizojipanga mstari mmoja pana ukungu hafifu, ambao ni rahisi kuuona mbali na taa za Kitengela. Hicho ni kiwanda cha nyota, kilicho umbali wa miaka 1,300 hivi ya nuru.

Humo huzaliwa pia nyota kubwa, zenye uzito wa Jua mara nane au zaidi. Ukuaji wake ulikuwa fumbo: nyota hizo hung'aa mno hivi kwamba nuru yake ingetarajiwa kuisukuma mbali gesi inayozilisha.

Jibu limo katika sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa. Nuru hutorokea juu na chini ya sahani, ilhali gesi huteremka ndani yake hadi kwenye nyota.

Wataalamu huchunguza haya kupitia spektra, yaani nuru iliyopambanuliwa rangi kwa rangi mithili ya upinde wa mvua. Kila elementi huacha humo mistari yake.

Ushahidi mzito ulipatikana mwaka 2015. Mawimbi ya redio ya methanoli yaliongezeka nguvu ghafla kwenye S255IR NIRS3, nyota changa yenye uzito wa Jua mara 20 hivi. Darubini zilionyesha mwangaza umepanda takriban mara tano, huku mistari ya hidrojeni, sodiamu na kaboni monoksidi iking'aa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini nyota hiyo ilikuwa imebugia gesi kwa pupa.

Hata hivyo, si kila badiliko ni mlo. Spektra ya Theta-1 Orionis C, nyota inayouangazia ukungu wa Jabari, hubadilika kwa mzunguko wa siku 15.4. Chanzo ni usumaku wake, uliopimwa mwaka 2002: ncha zake zimeinama, hivyo nyota ikijizungusha huonyesha sura tofauti.

Uzito ndio huamua maisha ya nyota. Zilizo kubwa huishi miaka milioni chache tu, kisha nyingi hulipuka na kutawanya elementi angani. Sehemu kubwa ya oksijeni anayovuta mchungaji wa Isinya ilipikwa ndani ya nyota kama hizo, kabla Jua halijazaliwa.